Tramu ya umeme juu ya meza ya nyumbani



Karibu kila parsele ya Bukavu ina mtoto mmoja wa namna hii: radio ikikufa tu, yeye ameshaifungua. Anaokota waya kwenye takataka, anakata mikebe ya sardini, anatoboa vifuniko vya chupa na kuvifanya magurudumu. Halafu anavuta gari lake kwa kamba kutoka Nyamugo hadi soko la Kadutu, na nyuma yake kuna kundi la watoto wengine. Tukimkuta tunamfokea kwamba anachafua nyumba.

Mimi ni mwalimu wa masomo ya msingi, na leo ninataka kumtetea mtoto huyo. Anachokosa ni kazi inayolingana na akili yake, pamoja na mtu mzima wa kukaa karibu naye. Kazi ninayoileta kwenu ni hii: kujenga naye njia ndogo ya tramu ya umeme juu ya ubao wa mita mbili, yenye waya juu, reli chini, na gari linalotembea kweli kweli.

Kuna sababu kubwa kuliko furaha ya mchezo. Mji wetu unajua vizuri moto wa nyumba. Nyumba za mbao zimebanana, na umeme unaingia kwa waya zilizounganishwa ovyo, nyingine zinapita chini ya bati, nyingine zinaning'inia juu ya njia ya watoto wanaokwenda kuchota maji. Tunawaambia watoto: "Usiguse!" Lakini mtoto anayekatazwa bila kuelezwa atagusa siku ambayo hatupo. Mtoto aliyejenga tramu yake mwenyewe anajua umeme unapitia wapi, unarudi kwa njia gani, na kwa nini waya fulani unapata joto. Elimu hiyo inaweza kuokoa nyumba.

Tramu ni kitu gani?

Tramu ni gari la abiria linalotembea juu ya reli ndani ya mji, kando ya magari na watu wanaotembea kwa miguu. Zile za umeme hazibebi mafuta. Juu ya njia kuna waya, na juu ya paa la gari kuna mkono wa chuma unaougusa waya huo wakati wote. Umeme unashuka kwa mkono, unazungusha motere, halafu unarudi kwa magurudumu na reli hadi kule ulikotoka. Waya wa juu ni njia ya kwenda, reli ya chini ni njia ya kurudi. Ukikata moja kati ya hizo mbili, gari linasimama.

Mwanzo wake ulikuwa Ujerumani. Mwaka 1879 Werner von Siemens alionyesha treni ndogo ya umeme katika maonyesho ya mji wa Berlin. Mwaka 1881 tramu ya umeme ilianza kubeba abiria huko Lichterfelde, karibu na Berlin. Lakini tramu ile haikuwa na waya wa juu: umeme ulikuwa katika reli zenyewe, uende kwa reli moja na kurudi kwa nyingine. Mtu au farasi aliyekanyaga reli zote mbili alipigwa na umeme. Ndiyo maana mafundi waliondoa njia ya kwenda pale chini, wakaipandisha juu ambako mkono wa mtu haufiki. Mwaka 1888, katika mji wa Richmond nchini Marekani, Frank Sprague alionyesha kwamba mji mzima unaweza kutumia tramu za namna hiyo, hata kwenye vilima.

Baadaye tramu zilitoka mjini zikaanza kuunganisha mji na mji. Ubelgiji ina moja ambayo bado inatembea kando ya bahari, kutoka Knokke hadi De Panne, kilomita 67. Ni kama mtu angepanda tramu mjini kwetu, apite vijiji vyote vya kando ya ziwa, akishuka anapotaka.

Hata Afrika, hata Kongo

Watoto wakisikia habari hizi husema haraka: "Mwalimu, hayo ni ya Ulaya." Hapana. Mjini Addis Abeba, Ethiopia, treni nyepesi ya umeme inabeba abiria ndani ya mji tangu Septemba 2015. Jirani zetu wa Tanzania walianza safari za treni ya umeme kati ya Dar es Salaam na Morogoro mwezi Juni 2024, na wiki chache baadaye ikafika Dodoma. Inaweza kukimbia kilomita 160 kwa saa. Ile yenye pua iliyochongoka, watu wenyewe wameipa jina: Mchongoko.

Nchini mwetu, reli ya Katanga ilianza kutumia umeme katika miaka ya 1950, ili kuvuta madini. Katika miaka ile ile, Kinshasa, iliyoitwa bado Léopoldville, ilikuwa na mabasi ya umeme yaliyoitwa gyrobus. Hayakuwa na reli wala waya njiani. Ndani ya basi kulikuwa na gurudumu zito. Basi lilipofika kituoni liligusa umeme, gurudumu likazungushwa kwa kasi sana, na nguvu ya mzunguko huo ikalipeleka basi hadi kituo kingine.

Na Kivu ya Kusini? Wazee wa Uvira watawaambia. Wakati wa ukoloni kulikuwa na treni katika bonde la Ruzizi, kutoka Uvira hadi Kamanyola. Iliishia hapo, chini ya milima. Mizigo ilishushwa na kupakiwa kwenye magari ili ipande Ngomo hadi Bukavu. Ziwa Tanganyika liko kwenye mita karibu 770 juu ya usawa wa bahari, na Ziwa Kivu kwenye mita karibu 1460. Kupanda tofauti ile si kazi ndogo kwa treni.

Maji ya Ruzizi yanayoshuka mteremko huo ndiyo yanatupa umeme. Kituo cha Ruzizi ya kwanza, pale Mururu, kilijengwa mwishoni mwa miaka ya 1950. Cha pili, ambacho tunashirikiana na Rwanda na Burundi, kilikuja mwaka 1989. Kwa hiyo mtoto wa Bukavu anayejenga tramu ya umeme hachezi na jambo geni. Amezaliwa jirani na mto unaotengeneza umeme, hata kama usiku taa zinazimika.

Vitu vya kutafuta

Wanaojenga treni ndogo huko ng'ambo hununua vitu vilivyo tayari. Kipimo chao cha kawaida ni moja kwa 87: mtu wa mita 1.70 anakuwa na sentimita mbili hivi. Kwa kipimo hicho tramu ile ya Ubelgiji ingehitaji meza ya mita 770! Mpe mtoto hesabu hiyo aifanye mwenyewe. Sisi tutatumia vitu tulivyo navyo:

Ubao mwembamba wa mita mbili. Mikebe ya maziwa au ya mafuta, kwa ajili ya reli. Waya wa shaba uliovuliwa ganda lake. Vijiti vya mishikaki, viwe nguzo. Kartoni ya kujengea gari na nyumba. Mirija ya biki zilizokwisha. Spoku mbili za baiskeli. Vifuniko vinne vya chupa za plastiki. Mipira midogo ya elastiki. Motere ya gari la kuchezea lililoharibika. Ya radio ya kaseti nayo inaweza kufaa, ila mara nyingi inazunguka upande mmoja tu. Mwishowe, betri ndogo za tochi, mbili hadi nne. Karibu vyote vinatoka katika takataka; betri ndizo zitahitaji fedha.

Namna ya kujenga

Kwanza reli. Mtu mzima ndiye anayekata mikebe, kwa sababu bati linakata vidole. Toa vipande virefu vyenye upana wa kidole, kunja kingo zake, vibandike juu ya ubao katika mistari miwili iliyoachana sentimita tano. Pale ambapo kipande kinakutana na kingine, kilale juu ya mwenzake, na rangi ikwanguliwe hadi bati ling'ae. Rangi, kutu na mafuta vinazuia umeme. Katikati ya reli mbili bandika kijiti kirefu cha kuliongoza gari lisitoke njiani.

Pili waya wa juu. Simamisha nguzo kila baada ya sentimita ishirini, zote kwa kimo kimoja, sentimita kumi na mbili hivi. Funga waya wa shaba juu yake, uvutwe vizuri usilegee.

Tatu gari. Sanduku dogo la kartoni linatosha. Chini yake bandika vipande viwili vya mrija wa biki, pitisha spoku ndani, na kwenye ncha weka vifuniko vya chupa. Hapo una magurudumu. Chini ya gari weka pia misumari miwili mifupi itakayopita huku na huku ya kile kijiti cha katikati. Motere ikae ndani, na mpira wa elastiki utoke kwenye mhimili wa motere hadi kwenye gurudumu dogo la kartoni lililofungwa kwenye spoku. Kama lile la kartoni ni pana mara sita kuliko mhimili, motere itazunguka mara sita ili magurudumu yazunguke mara moja. Gari litakwenda polepole lakini kwa nguvu. Likiteleza bila kusonga, zungushia magurudumu elastiki na uweke jiwe dogo ndani ya gari.

Nne umeme. Motere ina waya mbili. Mmoja unapanda hadi paani, kwenye mkono wa waya mgumu unaoruka kama kamani na kusukuma waya wa juu. Mwingine unashuka hadi kwenye ulimi mwembamba wa bati unaokwaruza reli. Mwishoni mwa ubao, unganisha upande mmoja wa betri na waya wa juu, na upande mwingine na reli ile inayoguswa na ulimi. Gari litaondoka. Ukigeuza betri, motere ya gari la kuchezea itazunguka kinyume na tramu itarudi ilikotoka.

Kama haliondoki, usimfanyie mtoto kazi. Muulize: "Njia imekatika wapi?" Afuate kwa kidole: betri, waya, mkono, motere, ulimi, reli, betri. Mahali fulani katika mzunguko huo atakuta rangi ambayo haikukwanguliwa, au mkono usiogusa.

Somo lililo ndani ya mchezo

Darasani niliwauliza wanafunzi: umeme ukifika katika motere, unakwenda wapi? Wengi walijibu kwamba unaisha, kama maji yanavyoisha katika bidoni. Msichana mmoja aliinua reli kidogo, tramu ikasimama, akaishusha, ikaondoka. Akasema: "Unarudi nyumbani." Sikuwa na jibu bora kuliko hilo.

Kutoka hapo maswali mengine yanafunguka yenyewe. Kwa nini ndege anakaa juu ya waya wa umeme na hafi? Kwa sababu amegusa njia ya kwenda tu, hajagusa ya kurudi. Na kwa nini mtoto aliyesimama chini, bila viatu, akiugusa waya ule ule anaweza kufa? Kwa sababu ardhi inafanya kazi ya reli. Umeme unapita mwilini mwake ili urudi kwa njia ya udongo, na udongo wenye maji ya mvua unaupitisha kwa urahisi zaidi. Mwambieni mtoto maneno hayo huku anaitazama tramu yake. Hatayasahau.

Jaribio la pili lifanyike kwa uangalifu, mtu mzima akiwa karibu. Gusanisha waya wa juu na reli kwa kipande cha waya, kwa muda wa kuhesabu hadi tatu tu, halafu toa. Tramu inasimama mara moja, na waya na betri vinaanza kupata joto. Umeme umepata njia fupi, hauna motere ya kuzungusha, unakimbia wote kwa pamoja. Hapo ndipo ninaposema na watoto polepole: hizi ni volti tatu tu. Katika priza ya nyumbani kuna volti 220. Waya zilizochubuka zikigusana ndani ya ukuta wa mbao, au priza moja ikibeba jiko, frigo na simu sita, joto hilo hilo linakuja, lakini mara hii kuna mbao za kuwaka.

Baada ya somo hilo, mtoto apewe kazi ya nyumbani: azunguke na mzazi wake, bila kugusa kitu chochote, atafute waya uliochubuka, priza iliyo nyeusi, waya uliofungwa kwa mfuko wa plastiki. Mkiona kimoja, mwiteni fundi anayejua kazi yake.

Mambo ya kukataza kabisa

Tramu hii haiunganishwi na priza hata siku moja, wala na betri ya gari au ya sola. Betri ya simu pia isitumike, kwa sababu njia fupi inaweza kuifanya iwake moto. Zile betri ndogo za mviringo kama kifungo zisiwe karibu na watoto wadogo: ikimezwa inachoma koo kwa ndani, na mtoto lazima apelekwe hospitali mara moja, hata kama anaonekana mzima. Betri zilizokwisha zisitupwe kwenye moto. Kazi ikiisha, betri moja itolewe, ndipo watu waende kula.

Wasichana wakae mezani

Nimeona jambo moja mara nyingi. Motere ikitolewa, wavulana wanazunguka meza, na msichana anatumwa maji. Halafu tunashangaa kwamba wasichana ni wachache katika shule za ufundi. Mwanamke ndiye anayeishi na jiko, pasi na priza siku nzima. Yeye ndiye anayehitaji kwanza kujua umeme. Kwa hiyo wekeni zamu: anayekata kartoni leo, kesho anaunganisha waya. Na maji yachotwe na wote.

Wasichana pia wanaona vitu ambavyo wengine hawavioni. Tulipochora njia ya tramu ya Bukavu, kutoka Bagira, kupitia Kadutu, hadi Place de l'Indépendance na Nguba, wavulana walibishana juu ya kasi. Wasichana wawili waliuliza kituo kitakuwa umbali gani kutoka Beach Muhanzi, ambako wamama wanapakia mizigo mgongoni. Wakaongeza gari la pili lisilo na viti, la kuweka mizigo tu. Halafu wakatengeneza ubao mwingine, wa treni ya kutoka Bukavu hadi Kamanyola na Uvira, na wakaweka vitabu chini ya upande mmoja uwe Ngomo. Tramu ilishindwa kupanda. Walitumia juma zima wakibadilisha elastiki, mawe na gurudumu la kartoni, hadi ikapanda.

Tuanze pamoja

Si kila nyumba ina ubao, motere na nafasi. Lakini sisi tuna vikundi. Kikundi cha wamama kinaweza kukusanya vitu hivi katika juma moja: mmoja alete mikebe, mwingine radio iliyokufa, wa tatu ubao. Siku ya Jumamosi watoto kumi wa avenue moja wanaweza kufanya kazi juu ya meza moja, na wamama wawili wawasimamie. Mkipata fundi umeme wa jirani wa kukaa nao saa moja, itakuwa bora zaidi: watoto watamuuliza, na sisi pia tutamuuliza yale tunayoona aibu kuuliza.

Mwanzo uwe mdogo: waya mmoja, reli mbili, gari moja la kartoni. Nyumba, soko na ziwa vitakuja vyenyewe, kwa sababu watoto hawatakubali tramu ipite mahali pasipo na watu. Na wiki hii, kabla ya kutupa ile radio mbovu iliyo chini ya kitanda, mwite yule mtoto wako mwenye mikono isiyotulia, umwambie aifungue mbele yako, huku umekaa naye.